Sauti Kwenye Meza ya Kukatia Vioo

Katika karakana ya vioo ni vigumu kumnyemelea mtu. Vioo vimeegemezwa ukutani kila upande, vingine virefu kuliko mlango. Mtu akiingia, unamwona kwanza kwenye kioo kilicho mbele yako. Unaona bega, unaona uso, kisha ndipo unasikia viatu.

Kwa hiyo siku Msasa aliposikia mtu akimpumulia shingoni, aliinua macho akatazama kioo cha mbele. Alijiona mwenyewe, amejikunja juu ya meza. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Msasa halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka saba alikuwa akisugua kingo za vioo kwenye mashine yenye maji, mpaka ziwe laini, zisimkate mtu. Kila asubuhi alimwacha binti yake wa miaka minne kwa jirani. Mumewe alikwenda kuendesha lori la maji, naye alitembea hadi karakana, akavaa buti na glavu, akawasha mashine. Alikuwa hodari. Tena alikuwa na jicho. Akikitazama kioo mara moja, alijua upana wake kabla rula haijawekwa.

Kukata vioo ilikuwa kazi ya Fundi Mkuu. Mzee yule alikata vioo miaka thelathini, kisha akaugua, akafariki. Aproni yake ilibaki ikining'inia kwenye msumari, karibu na meza ya kukatia. Hakuna aliyetaka kuiondoa.

Miezi miwili baada ya mazishi, mwenye karakana alimwita Msasa ofisini.

"Nimekuchagua wewe kuwa mkataji," alimwambia.

"Mimi? Bosi, mimi ni wa kingo."

"Wewe ndiye unayevijua vioo kuliko sote hapa. Fundi Mkuu mwenyewe aliniambia hivyo."

Siku iliyofuata Msasa alisimama mbele ya meza ile pana, iliyotandikwa zulia.

Kukata kioo kunaonekana rahisi. Unaweka rula. Unashika kikatio, kijiti chenye gurudumu dogo la chuma mdomoni. Unakivuta kuja kwako, mara moja tu, bila kusita. Kioo kinapata mstari mwembamba kama unywele. Ukikibonyeza, kinaachana mstarini. Lakini mkono ukisimama katikati, mstari unaharibika. Hapo kioo hupasuka kinavyotaka chenyewe.

Msasa aliweka rula. Akaanza kuvuta. Alipofika katikati, baridi ikampiga shingoni, kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu mno. Na neno moja likasemwa, polepole, kwa sauti ya mtu mzima:

"Itapasuka."

Mkono ulisimama. Alipobonyeza kioo, ufa ulikimbia pembeni, ukajipinda, ukakigawa vipande vitatu.

Siku ya pili ikawa vilevile. Pumzi, neno, ufa. Siku ya tatu alijaribu kukata huku akiimba moyoni. Neno lilingoja mpaka alipofika katikati.

Mchana wa siku hiyo wafanyakazi walikaa uani wakila. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Ndani ya karakana mlikuwa kimya, hamna hata paka. Ghafla wakasikia tik. Kisha mlio mrefu, kama barafu inayovunjika. Walikimbia ndani. Kioo alichojaribu kukata asubuhi, kilichokuwa kimelala mezani bila kuguswa, kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Aproni ya marehemu ilikuwa ikitikisika kidogo kwenye msumari, kana kwamba mtu amepita karibu nayo.

Mbebaji wa vioo, mtu mnene waliyemwita Bonge, alirudi nyuma hatua tatu.

"Meza hii ina mwenyewe," alisema. "Mzee hajaondoka. Hataki mtu mwingine."

Tangu siku hiyo Bonge aliweka vioo mezani bila kugeuza mgongo. Wengine waliizunguka meza kwa mbali, kama watu wanavyozunguka shimo.

Mwenye karakana hakufoka. "Nakupa wiki mbili," alimwambia Msasa. "Ikishindikana utarudi kwenye mashine, nami nitatafuta mkataji kutoka nje. Si adhabu. Lakini kazi za watu zinasubiri."

Jioni Msasa alimsimulia mumewe. Mumewe hakucheka.

"Rudi kwenye kingo zako," alisema. "Kingo zina ubaya gani? Huko hakuna anayekupumulia."

Aliposikia hivyo, Msasa alihisi mzigo umeshuka mabegani. Kisha akashangaa kwa nini machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Jumamosi alikuwa nyumbani. Jua lilikuwa kali, na mtaa mzima ulikuwa umelala mchana. Msasa alikuwa jikoni akipanga vyombo. Mumewe alikuwa sebuleni akirekebisha redio. Mara Msasa akaisikia.

"Itapasuka."

Haikutoka nyuma yake. Ilitoka chumbani kwa mtoto.

Alimtazama mumewe mlangoni. Uso wa mumewe ulikuwa umebadilika rangi. Safari hii alikuwa ameisikia naye.

"Itapasuka," sauti ikarudia. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, kama ya bibi mwenye mafua.

Walikwenda pamoja, wakinyata. Mlango ulikuwa wazi nusu. Binti yao alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeelekea mlangoni. Walikuwa wakimwita Sisimizi kwa sababu alipenda kubeba vitu vikubwa kuliko yeye. Mbele yake alikuwa amepanga vikombe sita vya plastiki. Aliinua kimoja, akakishika hewani. Mabega yake yakapanda juu. Akaacha kupumua. Kisha akasema kwa sauti ile isiyokuwa yake:

"Itapasuka."

Akakirudisha chini bila kukipeleka popote. Akainua cha pili.

"Sisimizi," baba yake aliita kwa upole. "Nani amekufundisha hivyo?"

Mtoto aligeuka. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. "Mama."

"Mama anasema hivyo?"

"Akiosha vyombo. Nikibeba maji. Kila siku." Akamtazama mama yake kama anayeulizwa swali la kijinga. "Kwani mama hujui?"

Msasa hakujua. Alishika fremu ya mlango. Alikuwa akilitafuta lile neno nyuma ya shingo yake, kumbe lilikuwa kinywani mwake. Na sasa lilikuwa limeingia kinywani mwa mtoto.

Jirani aliyemlea Sisimizi siku za kazi alikuwa muuguzi mstaafu. Alifanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa akili. Mtaani walimwita Mama Muuguzi. Msasa alimkuta barazani akishona mwavuli uliochanika.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Kaa. Una uso wa mtu aliyetoka kaburini."

Msasa alieleza yote. Mama Muuguzi hakumkatiza. Msasa alipomaliza, ndipo alipoanza kumuuliza, na maswali yake yalikuwa mafupi.

"Sauti hiyo unaisikia kwa masikio, kama unavyonisikia mimi?"

Msasa alifikiri. "Mwanzoni nilidhani hivyo. Lakini nikitulia naona iko ndani. Kama wimbo uliogoma kutoka kichwani."

"Inakuamuru ujidhuru, au umdhuru mtu?"

"Hapana."

"Unalala? Unakula?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Ungeniambia vingine, ningekushika mkono sasa hivi twende kliniki. Huko kuna wataalamu na dawa, na si aibu. Lakini hili lako nadhani ni jambo jingine. Hebu nisemee tena. Inasema nini hasa?"

"Itapasuka."

"Kioo *itapasuka*?" Mama Muuguzi aliinua nyusi. "Huyo mzimu wenu hajui Kiswahili?"

Msasa alitaka kucheka, lakini kicheko kikamkwama. Ni kweli. Kioo kitapasuka. Vikombe vitapasuka. Fundi Mkuu, aliyesema neno kioo mara mia kwa siku, asingekosea.

"Basi ni nini hicho ambacho *itapasuka*?" aliuliza Mama Muuguzi.

"Sahani," Msasa alisema.

Kisha akaeleza. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, akalelewa na shangazi yake. Shangazi alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu. Wawili hao waliishi chumba cha nyuma. Kabati la sahani za wenye nyumba lilikuwa kubwa kama ukuta. Msasa alisaidia kubeba sahani kutoka jikoni. Kila alipoinua moja, shangazi alisimama nyuma yake, karibu, na kusema neno lile.

"Alikuwa mkali?"

"Hapana. Alinipenda sana. Aliogopa tu. Sahani moja ikivunjika, tungetolewa nje sote."

"Umeona sasa," alisema Mama Muuguzi. Aliweka mwavuli chini. "Akili ya mtoto ni mlinzi mzuri, lakini hastaafu mwenyewe. Alijifunza kwamba kitu cha kuvunjika kikiwa mkononi, kuna hatari. Leo una kazi yako na nyumba yako, na hakuna wa kukufukuza kwa sahani. Lakini yeye hana habari. Bado anapiga kengele. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Na ile pumzi, mama? Pumzi niliisikia kwenye ngozi."

"Ya kichwani naijua mimi. Ya ngozini kaitafute mwenyewe kule mezani; kagua hata ukuta. Lakini nijibu hili. Ukifika katikati ya kioo, wewe unapumua?"

Msasa alijaribu kukumbuka. Mabega juu, kama Sisimizi na vikombe vyake. "Sipumui."

"Mwili ukikosa pumzi, moyo hukimbia na mkono hutetemeka. Kisha unauona mkono unatetemeka, unasema, sauti ilisema kweli. Kumbe sauti ndiyo iliyoutetemesha. Ni mviringo. Ukiukata mahali pamoja, wote unalegea."

"Niukate wapi? Nimeshajiambia mara mia, usipasue, usipasue."

Mama Muuguzi alitabasamu. "Nikikuambia usiguse tundu la jino lako kwa ulimi, ulimi unakwenda wapi?"

Ulimi wa Msasa ulikuwa umeshafika.

"Akili haishiki vizuri *usi*. Inashika lile neno linalofuata. Basi ipe kazi ya kufanya. Mkono wako unatakiwa kufanya nini na hicho kikatio?"

"Kuvuta."

"Hilo ndilo neno lako. Toa pumzi, sema *vuta*, vuta. Halafu usianze na kioo kikubwa. Anza na vipande vya kutupwa, upana wa kiganja. Mkono ukizoea, ongeza kidogo. Na uwe na daftari. Andika sauti ilisema nini, kisha uandike nini kilitokea kweli. Usiandike unavyoogopa. Andika ulichokiona."

"Na sauti ikiendelea?"

"Itaendelea. Usipigane nayo. Iambie, nimekusikia, shangazi. Kisha uvute."

Jumatatu Msasa alifika karakana mapema, kabla ya wengine. Kwanza alikagua ukuta nyuma ya meza. Karibu na aproni, kimo cha shingo yake, palikuwa na tundu la bomba lililong'olewa zamani. Aliweka kiganja. Upepo wa uchochoroni ulipuliza, ukaacha, ukapuliza tena, na aproni ikatikisika. Aliliziba kwa kitambaa.

Kile kioo kilichopasuka chenyewe kilikuwa bado pembeni. Aliukagua ule ufa. Ulianzia pale pale mkono wake uliposimama. Kioo kilichokwaruzwa nusu hubaki na nguvu iliyobanwa ndani. Jua la mchana kutoka dirishani lilikipasha joto, kikajiachia. Alishangaa kwamba hakuwaza hivyo mapema. Alikuwa akiyajua mambo ya vioo miaka saba. Hofu ilikuwa imemfungia kabati la ujuzi wake mwenyewe.

Akachukua vipande vya kutupwa.

"Itapasuka," sauti ilisema.

"Nimekusikia, shangazi." Akatoa pumzi. "Vuta."

Mkono ulisita. Kipande kikavunjika. Akaandika. Cha pili kikavunjika. Akaandika. Cha tatu kilikatika sawasawa, kwa mlio mdogo safi. Akaandika.

Siku hiyo alikata vipande arobaini kabla na baada ya saa za kazi. Kumi na moja vilivunjika. Siku ya pili vilivunjika sita. Siku ya nne viwili. Alianza kukata vioo vya fremu za picha, kisha vya madirisha madogo. Bonge alimtazama kwa mbali anavyonong'ona na meza.

"Unaongea na mzee?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naongea na shangazi yangu."

Bonge alimeza mate. "Naye amefariki?"

"Yuko hai. Anakaa mwendo wa saa tatu kutoka hapa."

Hilo lilimtisha Bonge kuliko yote.

Siku ya mwisho ya wiki mbili, kililetwa kioo cha mlango wa mbele wa duka la dawa. Kilikuwa kirefu kuliko Msasa. Mwenye karakana alitoka ofisini akasimama, mikono nyuma. Mashine zilizimwa. Katika vioo vyote ukutani Msasa aliona watu wakimtazama, wengi kuliko waliokuwepo, kila mmoja mara tano, mara sita, wamenyamaza kama waliotundikwa.

Akaweka rula. Akainamia meza. Sauti ikaja, ile ile, yenye mkwaruzo, lakini safari hii aliujua uso wake. Ilikuwa sauti ya mwanamke mchovu aliyeogopa kulala nje na mtoto.

Akatoa pumzi yote. Vuta.

Gurudumu liliimba kutoka mwanzo hadi mwisho. Alibonyeza. Kioo kikaachana mstarini kama mkate uliokatwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenye karakana aliupitisha ukucha ukingoni, akaitikia kwa kichwa polepole, akarudi ofisini. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Jumatatu tafuta mtu wa mashine ya kingo. Umfundishe."

Nyumbani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Msasa na mumewe walikubaliana. Neno lile likimtoka, mumewe angegonga meza kidogo kwa kidole, bila kumlaumu. Wiki ya kwanza kidole kiliuma. Pole pole Msasa alijifunza kumwambia mtoto la kufanya: shika kwa mikono miwili, tazama mbele, weka hapa. Kikombe cha udongo kilivunjika siku moja. Waliokota vipande pamoja, wakaendelea na chai. Sisimizi aliacha kuiga sauti. Siku moja alibeba kiti kuvuka uwanja mzima, akikiburura nusu ya njia, akipumua kama injini.

Mwaka ulipokwisha, Msasa alikuwa akikata vioo vyote vya karakana, na alikuwa amefundisha wanawake wawili. Bado vingine vilivunjika, kama vinavyovunjika kwa kila fundi. Sauti nayo ilikuja siku za uchovu. Mume alimuuliza kama angependa kuiondoa kabisa. Badala ya kujibu, Msasa alipakia vioo kwenye lori, akamwomba ampeleke kwa shangazi, alikosikia dirisha halina kioo.

Shangazi alikuwa akiishi chumba kimoja. Walipoingia, iliwabidi wasimame kwanza mpaka macho yazoee giza, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa ubao.

"Kioo kilivunjwa na dhoruba," alisema shangazi. "Miaka tisa sasa. Niliona ubao ni salama. Haupasuki."

Sisimizi alimsikia akiongea, akamshika mama yake mkono kwa nguvu. Alikuwa akiijua sauti ile; ndiyo iliyomtoka mama yake akiosha vyombo.

Msasa alitoa futi. Alipima dirisha, akaenda kwenye lori, akakata kioo alicholeta juu ya blanketi. Shangazi alimfuata, akasimama nyuma yake, karibu. Msasa alisikia pumzi yake. Ilikuwa pumzi ya kweli, ya moto, yenye harufu ya tangawizi.

"Kitapasuka, mwanangu," alisema shangazi.

"Kinaweza," Msasa alijibu. "Ndiyo maana nimekuja na viwili."

Akavuta. Baada ya nusu saa kioo kilikuwa dirishani, kimeshikwa kwa misumari midogo na gundi nyeupe ya vioo. Mwanga uliingia mpaka chini ya kitanda. Shangazi alizunguka chumba chake kama mgeni. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama.

"Nimekuwa nikiishi na vumbi lote hili?" aliuliza. "Nanyi mmekaa kimya, mnaniangalia tu?"

Alitaka maji ya kufutia. Sisimizi alikuwa ameshakwenda kuyachota, akarudi na beseni lililojaa, zito, likiyumba mikononi. Shangazi alifungua kinywa. Mabega yake yalipanda.

"Mwambie ashike wapi, shangazi," Msasa alisema kwa upole.

Shangazi alitoa pumzi. "Chini," alimwambia mtoto. "Shika kwa chini. Njoo nalo kwangu."

Mtoto alikuja. Maji yalimwagika kidogo kizingitini. Shangazi alichovya kitambaa, akakikamua, akaanza na kabati.